Vikwazo na Mzingiro: Kukataa Kuuza si Sawa na Kumzuia Mwingine Asiuze

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, na kuchapwa hapa kwa ombi la waliohudhuria na kwa faida ya waliokosa.)



Katika mkutano wetu uliopita walisimama ndugu wawili wakashindana juu ya khabari ya Cuba. Mmoja alisema kwamba Marekani imekizingira kisiwa kile kwa zaidi ya miaka 60. Wa pili akamjibu kwamba hakuna mzingiro wowote, bali mwenye mali amekataa kufanya biashara na asiyemtaka, na hiyo ni haki yake. Maneno yakawa makali, wakati ukaisha, na Ndugu Mwenyekiti akaniamrisha nije leo niyapime. Nadhani amenichagua mimi kwa kuwa ni mtu wa duka, na kazi ya mtu wa duka ni kushika mizani.

Huenda mtu akauliza: Cuba iko mbali, yatufaa nini sisi? Jawabu ni kwamba sisi pia ni watu wa kisiwa. Mchele, unga wa ngano, sukari, mafuta, nguo na dawa, sehemu kubwa ya vitu hivi hutufikia kwa bahari. Mtu wa bara akifungiwa njia moja aweza kutafuta ya pili porini, ama mtu wa kisiwa akifungiwa bahari hana pa kupita. Tena neno lenyewe lina uzito. Katika sheria ya mataifa mzingiro ni kitendo cha vita, na vikwazo ni jambo la siasa na biashara. Haifai chama chenye watu wazima kutumia maneno hayo kama kwamba ni mamoja.

Basi natuanze na maneno. Waarabu wana maneno mawili. La kwanza ni hisar, ambalo kwa asili yake wazee wetu walipata neno kuhusuru: mji uliohusuriwa ni mji uliozungukwa, haingii mtu wala hatoki. La pili ni muqataa, nalo ni kukatana, kila mmoja akae na chake. Tarehe 5 Juni 2017 Saudi Arabia, Falme za Kiarabu, Bahrain na Misri ziliikatia Qatar njia za nchi kavu, za bahari na za anga. Qatar ikasema hii ni hisar. Wale wanne wakasema hapana, ni muqataa tu. Ugomvi ule ulidumu mpaka Januari 2021, na muda wote huo kila upande ulishika neno lililoufaa. Kwa hiyo tusitosheke na jina analolitaja mwenye kesi. Tutazame jambo lenyewe.

Sheria inasemaje? Mwaka 1856, baada ya vita vya Crimea, madola ya Ulaya yalipatana Paris kwamba mzingiro hauwi halali ila uwe wa kweli, yaani ziwepo manowari za kutosha kuizuia pwani ya adui isifikiwe. Sababu yake ni kwamba zamani wafalme walikuwa wakiandika amri kwamba pwani fulani imefungwa, na hali hawana meli ya kuifunga. Ule uliitwa mzingiro wa karatasi, na watu wa 1856 waliukataa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1945 nao ulitenga mambo haya mawili: kukata uhusiano wa kiuchumi umetajwa katika kifungu cha 41, pamoja na hatua zisizotumia silaha, na mzingiro umetajwa katika kifungu cha 42, pamoja na majeshi. Mwaka 1974 Baraza Kuu likasema wazi kwamba kuzifunga bandari za nchi kwa majeshi ni katika vitendo vya uchokozi.

Wala si lazima sisi tusafiri mbali kuujua mzingiro. Mwaka 1873 Uingereza ilimtaka Sayyid Barghash akataze watumwa kusafirishwa baharini na afunge soko lao. Alipokataa, Balozi John Kirk alimjulisha kwamba kisiwa kitazingirwa kwa manowari, na tarehe 5 Juni 1873 mkataba ukatiwa sahihi. Biashara ile ilikuwa dhulma, na mwenye akili hawezi kuililia. Lakini wema wa kusudio haukubadilisha jina la chombo kilichotumika. Kisha mwishoni mwa 1888 na katika 1889 manowari za Ujerumani na za Uingereza ziliifunga pwani ya Mrima wakati wa vita vya Abushiri bin Salim. Huo ndio mzingiro kwa maana yake ya asili: chombo cha mtu husimamishwa baharini kwa nguvu ya mzinga.

Sasa twende Cuba. Kabla ya mapinduzi ya Januari 1959 Marekani, iliyo umbali wa maili 90 tu, ndiyo iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa sukari yao na muuzaji mkubwa wa mahitaji yao. Mwaka 1960 makampuni ya mafuta ya kigeni yalikataa kuyasafisha mafuta ya Urusi, na serikali ya Fidel Castro ikayachukua makampuni hayo. Mwezi wa Julai Rais Eisenhower akaifuta tani 700,000 ya sukari iliyobaki katika fungu la Cuba la mwaka ule. Castro akazidi kuchukua mali za Wamarekani. Tarehe 19 Oktoba 1960 Marekani ikakataza bidhaa zake kwenda Cuba, isipokuwa chakula na dawa, na Februari 1962 Rais Kennedy akaifunga karibu biashara yote.

Mpaka hapo hapakuwa na manowari. Manowari zilikuja Oktoba 1962, ilipogunduliwa kwamba Urusi imeweka makombora Cuba. Tarehe 22 Kennedy alitangaza, tarehe 24 meli za kivita zikashika bahari, na amri hiyo ikaondolewa tarehe 20 Novemba. Tazameni basi ajabu yake. Katika wiki hizo ambazo bahari ilifungwa kweli, Kennedy hakusema mzingiro, alisema karantini, kwa kuwa alijua kwamba neno mzingiro ni neno la vita. Manowari zilisimama baharini, na jina likaazimwa hospitali. Zilipoondoka vikwazo vilibaki, na kwa miongo iliyofuata meli za Urusi, Hispania na Kanada ziliingia Havana bila ya kupigiwa mzinga.

Kwa hiyo ndugu yetu wa pili ana hoja, na tusiikanyage. Mwenye duka ana haki ya kukataa kumuuzia mtu. Mimi nikikosana na fulani, hakuna hakimu wa kunilazimisha kumpimia sukari. Marekani nayo ina madai: raia na makampuni yake wana madai yaliyothibitishwa na tume ya nchi yao karibu 6,000, yenye thamani ya takriban dola bilioni 1.9 kabla ya faida, kwa mali zilizochukuliwa. Na kuna zaidi. Sheria ya mwaka 2000 iliruhusu chakula cha Marekani kuuzwa Cuba kwa fedha taslimu, biashara ikaanza mwaka 2001, na mwaka 2008 ilifika takriban dola milioni 700. Kuku wengi walioliwa Havana walitoka kwa wafugaji wa Marekani. Ndugu yetu anauliza: ni mzingiro gani huu ambao mwenye kuzingira anamuuzia kuku aliyezingirwa?

Swali zuri. Jawabu langu ni la dukani. Mwenye duka ana haki ya kukataa kuuza chake. Hana haki ya kutoka nje, akasimama mlangoni mwa jirani yake, akamwambia: ukimuuzia fulani, nitakuharibia kazi yako. Kukataa ni kujitawala, na kumzuia jirani ni kumtawala jirani. Hapo ndipo mizani yangu inapolalia upande wa pili.

Mwaka 1992, Urusi ilipokwisha kuiacha mkono Cuba na uchumi wake ukaporomoka kwa karibu theluthi moja, bunge la Marekani lilipitisha sheria yenye mambo mawili makubwa. La kwanza, matawi ya makampuni ya Marekani yaliyoandikishwa katika nchi nyengine, yakifuata sheria za nchi hizo, nayo yakakatazwa kufanya biashara na Cuba. La pili, meli yoyote iliyoingia Cuba kwa biashara haina ruhusa ya kupakia wala kupakua bandarini Marekani kwa siku 180, ila kwa kibali. Sasa mwenye meli wa Ugiriki au wa Norwei akae na hesabu yake. Upande mmoja yako masoko ya kisiwa cha watu wasio na fedha, na upande wa pili yako masoko makubwa kuliko yote duniani. Atachagua nini? Hakuna mzinga uliopigwa, lakini meli imegeuka.

Mwaka 1996, baada ya Cuba kuzitungua ndege mbili ndogo zilizotoka Florida mwezi wa Februari, ikaja sheria nyengine. Hii ilimpa Mmarekani aliyechukuliwa mali Cuba haki ya kumshitaki, katika mahakama za Marekani, mgeni yeyote anayenufaika na mali ile, na ikawanyima wakubwa wa makampuni hayo, wake zao na watoto wao, ruhusa ya kuingia Marekani. Sehemu ya mashitaka iliahirishwa na marais mmoja baada ya mwengine mpaka Mei 2019 ilipofunguliwa. Kisha kuna khabari ya mabenki. Mwaka 2014 benki ya Ufaransa, BNP Paribas, ilikubali kulipa takriban dola bilioni 8.9 kwa kupitisha fedha zilizohusu Sudan, Iran na Cuba. Baada ya adhabu kama ile, karani gani wa benki, awe London au Dubai, atapitisha waraka wenye jina la Cuba, hata kama ni wa dawa iliyoruhusiwa?

Waliolalamika si makomunisti peke yao. Mwaka huo huo wa 1996 Kanada, Mexico na Umoja wa Ulaya, ambao wote ni marafiki wa Marekani, walipitisha sheria za kuwakataza watu wao kuitii sheria ile. Hawakufanya hivyo kwa mapenzi ya Castro. Walikuwa wakilinda milango yao wenyewe.

Na Marekani yenyewe ilipata kuyajua machungu haya. Mwaka 1812 iliitangazia vita Uingereza, na katika malalamiko ya Rais Madison lilikuwamo hili: kwamba amri za Uingereza ziliwazuia Wamarekani, wasiokuwa katika ugomvi, wasifanye biashara na Ufaransa, na kwamba mizingiro ile ilikuwa ya maneno isiyo na manowari za kuishika. Taifa lilipokuwa dogo liliijua haki ya mtu wa tatu.

Sisi tuliosoma vyuoni tunaijua karatasi nyengine iliyo kongwe kuliko hizi. Makuraishi waliandikiana waraka kwamba wasiwaoze Bani Hashim wala wasioe kwao, wasiwauzie wala wasinunue kwao, wakautundika ndani ya Al-Kaaba. Kwa muda wa miaka kama mitatu watu wale wakadhikika katika bonde la Abu Talib hata wakala majani ya miti. Hapakuwa na jeshi. Lakini wapokezi wa sira wanasimulia kwamba Hakim bin Hizam alipokuwa akimpelekea ngano shangazi yake, Bibi Khadija, Abu Jahal alimshika njiani akamzuia. Kukataa kwa Abu Jahal kuuza ngano yake ni ukatili, na hesabu yake iko kwa Mungu. Ama kuizuia ngano ya Hakim, hapo karatasi imekuwa ukuta.

Ndugu zangu, tusidhani kwamba mambo haya ni ya Wamarekani na Makuraishi tu. Mwezi wa Julai 1996 Meja Pierre Buyoya alipindua serikali ya Burundi, na kabla ya mwezi kwisha wakuu wa nchi jirani walikutana Arusha wakaiwekea Burundi vikwazo. Tanzania ilikuwamo. Kusudio lilikuwa zuri, kurejesha utawala wa katiba na kuleta mazungumzo. Lakini Burundi haina bahari, na majirani ndio waliokuwa wamekalia njia zake. Hapakuwa na manowari hata moja, na mafuta yakaadimika, bei zikapanda, magendo yakawanenepesha wenye nguvu. Mwaka 1997 vikapunguzwa kwa ajili ya chakula na dawa, na Januari 1999 vikasimamishwa. Funzo lake ni hili: usihesabu manowari peke yake, hesabu milango. Qatar ilipofungiwa na majirani zake ilikuwa tajiri, na bandari ya Suhar kule Oman ilikuwa wazi kwake, kwa hiyo haikulala njaa. Burundi haikuwa na Suhar yake.

Basi hukumu yangu ni hii. Kwa sheria ya bahari, mzingiro wa Cuba wa 1962 ulidumu chini ya mwezi mmoja, na anayesema kwamba manowari zimekizunguka kisiwa kile kwa miaka 60 hasemi kweli. Marekani kukataa kununua na kuuza kwa mali yake yenyewe ni vikwazo, na ingawa ni vibaya si mzingiro. Lakini zile sehemu za sheria za 1992 na 1996, pamoja na adhabu za mabenki, zinazomkamata Mfaransa, Mkanada na Mgiriki, zinafanya kazi ya mzingiro bila ya kulipa gharama ya manowari. Ule mzingiro wa karatasi waliocheka watu wa 1856 umerudi, na safari hii karatasi inauma, kwa sababu fedha za ulimwengu hupita katika mlango mmoja na mwenye ufunguo wa mlango huo ndiye mwandishi wa karatasi.

Kusudio nalo halikufichika. Tarehe 6 Aprili 1960 ofisa wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, Lester Mallory, aliandika waraka wa siri, ambao baadaye ulichapishwa na serikali yao wenyewe. Alikiri kwamba Wacuba walio wengi wanamuunga mkono Castro, na akashauri kuwanyima fedha na bidhaa ili mishahara ishuke, njaa iingie, watu wakate tamaa na serikali ianguke. Miaka zaidi ya 60 imepita tangu ushauri ule. Njaa iliingia mara nyingi. Waliolengwa hawakuanguka.

Umoja wa Mataifa umelipigia kura jambo hili tangu 1992. Mwaka ule nchi 59 zilikubali vikwazo viondolewe, 3 zilikataa na 71 hazikuelemea upande. Mwaka 2016 zilikubali 191, haikukataa hata moja, na Marekani yenyewe ilikaa kimya pamoja na Israeli. Mwaka 2024 zilikubali 187, na mwaka 2025 zikashuka kuwa 165, zikakataa 7. Tanzania imekuwa katika wanaokubali. Na ninyi mnaopenda maneno, sikilizeni hili: azimio hilo hilo, kwa Kiingereza linatumia neno la vikwazo, na kwa Kihispania linatumia neno la mzingiro. Mataifa yamepiga kura karatasi moja kwa zaidi ya miaka 30 na bado hayajapatana juu ya jina lake.

Sasa nageukia upande ambao huenda usiwapendeze wengine. Si kila shida ya Cuba imeletwa na Marekani. Si Marekani iliyomlazimisha mkulima wa Cuba kuiuzia serikali mazao yake kwa bei ya serikali. Si Marekani iliyopanga mageuzi ya sarafu ya Januari 2021 yaliyofuatiwa na mfumko wa bei. Wala si Marekani iliyowatia jela mamia ya watu waliotoka mabarabarani tarehe 11 Julai 2021 wakitaka chakula, umeme na uhuru. Serikali iliyofungiwa na adui wa nje hupata zawadi kubwa: kila kosa lake aweza kulitundika shingoni mwa adui. Sisi tulio upinzani tunapaswa kuliona hilo kabla ya watu wengine.

Na kwa sababu hiyo hiyo upinzani usitamani njaa ya watu wake. Baada ya uchaguzi wa 1995 wafadhili walisimamisha misaada yao kwa Zanzibar. Ule haukuwa mzingiro wala vikwazo, mtoaji ameuzuia mkono wake, na mkono ni wake. Lakini nimepata kuwasikia ndugu wakisema kwamba sasa yaombwe makubwa zaidi, kwamba dola kubwa itubane mpaka serikali ilainike. Nawaomba wapime. Mchele ukikosekana dukani hauulizi mnunuzi ana kadi ya chama gani. Anayebanwa kwanza ni mama anayenunua robo kilo, na anayebanwa mwisho, kama atabanwa, ni mwenye bendera kwenye gari. Ikiwa hapana budi ya adhabu, basi imwendee aliyekosa, katika mali yake na safari zake, isimwendee mwenye chungu jikoni.

Makuraishi hawakuvunjiwa waraka wao na jeshi la nje. Waliouvunja ni watu wa Makka wenyewe, akina Mut'im bin Adi, walioona haya kula na kuvaa na hali jamaa zao wanakufa njaa. Vikwazo vya Cuba navyo, tangu sheria ya 1996, haviwezi kuondolewa vyote ila kwa kura ya bunge la Marekani. Rais Obama aliufungua ubalozi mwaka 2015, lakini sheria ilibaki mahali pake. Kwa hiyo hoja yetu ielekee kwa Wamarekani wenye haya, nao wapo, na iwe hoja ya kweli: tusiwaambie kwamba wamekizunguka kisiwa kwa manowari, maana watatucheka. Tuwaambie kwamba wana haki ya kufunga duka lao, na hawana haki ya kufunga duka la mtu mwengine.

Ndugu Mwenyekiti, hayo ndiyo niliyoyapima. Wale ndugu wawili, nataraji, watapeana mikono kabla ya kutoka, kwani kila mmoja alishika upande mmoja wa mizani. Wabillahi tawfiq.